Karanga za Mzee Desderi

Jumamosi iliyopita vijana wenu wawili walikuja kwangu Ilembo. Wamevaa vizuri, viatu wamevifuta vumbi pale pale getini, nikajua hawa hawajaja kununua mayai. Wakakaa, wakanywa maji, wakasema darasa jipya la shahada ya uzamili ya utawala wa umma linaanza hapa Mpanda na nyie wanafunzi mmeniteua niwe mgeni rasmi, nije nifungue masomo. Nikawaambia nashukuru, nitakuja, ila mimi sifungui. Mimi nafunga. Wakatazamana. Nadhani waliondoka wakiamini kustaafu kumeshaanza kunivuruga kichwa, ndiyo maana nawaandikia mapema, msije mkaniandalia kiti cha mbele na maua.

Wengi wenu hamnifahamu. Nilikuwa mtendaji wa kata, kazi ambayo mwenye ugomvi wa mpaka anakuja kwako, mwenye ndoa iliyoyumba anakuja kwako, na choo cha shule kikijaa unaulizwa wewe. Wananiita Mama Skola, kwa jina la binti yangu mkubwa. Hiyo shahada mnayoianza niliisoma nikiwa tayari na wajukuu, miaka michache kabla sijastaafu. Watu walidhani nataka cheo. Cheo gani tena, na mgongo huu? Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuitisha mikutano ambayo watu wanapiga makofi, wanatawanyika, na kesho yake kila mmoja anafanya alivyokuwa akifanya jana. Nikasema ngoja nikawaulize wenye vitabu, labda wao wanajua dawa yake.

Chuo wakati huo kilikuwa kimekodi ukumbi Shanwe, hapa hapa mjini, ubavuni mwa fundi wa kuchomelea mageti. Mhadhiri akifungua mdomo, fundi naye anawasha mashine. Tulijifunza mambo mengi kwa kusoma midomo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna elimu yoyote ndani yake: kaeni mbali na dirisha, na kila mtu aje na chupa yake ya chai. Mtu mzima aliyetumika wiki nzima akipata kiti na kivuli Jumamosi mchana, atalala hata mhadhiri awe hodari namna gani. Mimi nililala kwenye bajeti. Mwenzetu mmoja, muuguzi wa siku nyingi, alilala kwenye maadili ya utumishi, akakoroma, na tulimtania hilo mpaka siku ya mahafali.

Siku ya kwanza tulikuwa tumeshakaa, tunatambulishana, mara mlango ukafunguliwa akaingia Mzee Desderi. Huyu alikuwa mkuu wa idara pale halmashauri, bosi wangu na bosi wa karibu nusu ya darasa. Koti, tai, kalamu mbili kifuani. Darasa zima tukasimama. Akatuashiria tukae, kama tuko ofisini kwake, kisha akaangaza macho na kugundua kwamba viti vyote vinafanana. Alisimama pale muda kidogo, maskini, hajui mkuu anakaa wapi. Mwishowe dereva wake akamletea kiti chenye mikono kutoka ofisini, kikawekwa mbele, na pembeni yake hakuna aliyethubutu kukaa.

Msimfikirie vibaya. Alikuwa mchapakazi, mkweli, hali rushwa, na akikuahidi gari la kwenda kijijini linakuja. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo halikuwa lake peke yake, ni letu sote tuliolelewa kwenye utumishi huu. Sisi mkubwa akiwepo, mkubwa anaanza kusema. Akishasema, wanaofuata wote husimama mmoja mmoja na kutamka, "Mimi sina mengi, ni kama alivyosema mkuu." Halafu tunakula, tunaondoka. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo maisha yangu yote, na nyie mliokwisha kuajiriwa mnacheka hapo kwa sababu mnavijua.

Mhadhiri wetu aliitwa Dokta Rehema, binti mdogo ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wa Mzee Desderi. Alikuwa anakuja kwa basi kutoka Tabora, anashuka amepauka vumbi, na bado anaingia darasani anacheka. Mzee mwanzoni alimwita "binti yangu". Yeye alimwita "baba", kwa heshima zote, na hakumlegezea hata kidogo.

Akatugawa vikundi. Kila kikundi kiwasilishe mada kwa dakika kumi. Kikundi chetu kiliambiwa kichague kiongozi, na hatukuchagua, tulimgeukia tu Mzee Desderi. Tuliandaa kazi nzuri, nawaapia. Nilikesha jikoni na slaidi zile huku maharage yakiungua. Siku ikafika, mzee akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaanza: "Mheshimiwa Mhadhiri, waheshimiwa wanachuo wenzangu, kabla sijaenda mbali naomba mniruhusu nitambue uwepo wa..." Akatambua. Alitambua kikundi kimoja kimoja, akamtambua mwenye ukumbi, akamtambua mpaka fundi wa mageti, ambaye kwa kustahi alikuwa amezima mashine na kuchungulia dirishani. Kisha akaomba tusimame kuwakumbuka watumishi waliotangulia mbele ya haki. Tukasimama. Tulipokaa, Dokta Rehema akagonga meza.

"Muda umekwisha, baba."

"Lakini Dokta, sisi hatujaanza."

"Ndiyo, baba. Nimeona."

Alama tulizopata sitazitaja, wajukuu zangu wanasoma haya. Tulipotoka nje Mzee Desderi alinisogelea. Hapo akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyepotelewa na kitu, "Mama Skola, nimekosea wapi? Itifaki yote nimeizingatia." Nilimhurumia kwa kweli. Hata mimi ningekuwa yeye ningeanza hivyo hivyo.

Sasa tuingie kwenye utafiti, maana najua ndio unaowatisha. Mada yangu ya kwanza nilimpelekea Dokta Rehema nikiwa nimejaa fahari: changamoto za utawala bora barani Afrika. Akaisoma, akanitazama. "Mama Skola, hilo bara lote utalizunguka kwa bodaboda gani?" Nikarudi nikapunguza, nikaleta nchi. Akasema bado. Nikaleta mkoa. Akasema, "Kuna jambo gani linakunyima raha kwenye kata yako, moja tu, ambalo ukiamka unaliwaza?" Hilo sikuhitaji kwenda maktaba. Nilimwambia ni njia ya ng'ombe. Vijana, mkifika huko, tafuteni njia yenu ya ng'ombe. Mada nyingine zote zitawachosha kabla hamjafika sura ya tatu.

Njia yenyewe ilikuwa upande wa Kasokola, ikitoka kwenye maboma ya wafugaji kwenda kwenye lambo la kunyweshea. Mahali pembamba kabisa ilipita ukingoni mwa majaruba ya Mama Yustina, mjane aliyekuja na marehemu mumewe kutoka Mpimbwe, mkulima wa mpunga na mwimba kwaya wa kanisani, mwenye sauti ya kusikika bila kipaza. Mwenye ng'ombe wengi waliopita pale aliitwa Masanja, Msukuma aliyehamia na familia yake zamani kidogo. Hawa wawili walikuwa majirani wa kupigiwa mfano. Masanja alikuwa akimlimia mama kwa maksai wake kila msimu, na baada ya kuvuna mama anamwachia majani ya mpunga kwa ajili ya ndama. Kisha mwaka mmoja ng'ombe wakaingia wakala mpunga, kesi ikaja kwetu serikalini, na tangu hapo hawakusalimiana. Mama Yustina alitangaza kwamba mvua zikianza tu, njia ile anailima, anaipanda, na ng'ombe atakayekanyaga atapambana na panga. Masanja naye akawa anasema atahama. Vijana wa pande zote walishaanza kutembea na marungu. Mvua zilikuwa karibu, na mimi mtendaji ndiye niliyejua majina ya watoto wa nyumba zote mbili. Niliogopa, siwafichi.

Tulikuwa tumeshafanya mikutano pale. Wakubwa walikuja, wakasema kwanza, watu wakapiga makofi.

Basi Dokta Rehema akaja na zoezi la mwisho la muhula. Kila kikundi kikaendeshe mkutano wa kweli, mahali pa kweli, kisha kilete taarifa. Kikundi chetu nikakishawishi tuchukue njia ya ng'ombe. Dokta akakubali, akaongeza sharti moja, huku amemtazama Mzee Desderi kwa upole. Mwenye cheo kikubwa kuliko wote kwenye mkutano atasema wa mwisho. Kabla ya hapo asitoe neno, asitikise kichwa, asigune.

"Hata salamu?" mzee akauliza.

"Salamu ruhusa, baba. Fupi."

Tulimwona akivuja jasho. Alituambia waziwazi kwamba wananchi wakimwona kimya watadhani amesimamishwa kazi. Alipofika nyumbani akamweleza mkewe, na mkewe, ambaye amekaa naye muda mrefu kuliko sisi sote, akamkaangia karanga, akamjazia mifuko yote miwili ya koti. "Ukisikia neno linapanda," akamwambia, "tafuna."

Hapa niwape ufundi kidogo wa kuitisha mkutano, maana vitabuni sikuukuta. Usiuitishe siku ya mnada, utahutubia kuku. Usiuitishe asubuhi, ng'ombe wanakwenda maji na mwenye ng'ombe yuko nyuma yao. Pita mwenyewe nyumba kwa nyumba, usiamini tangazo la kubandikwa. Na meza kuu iondoe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaitandika kitambaa cheupe ndani ya ghala la mazao tulimokutania, nikaikunja mimi mwenyewe. Tukakaa mabenchi ya mduara, na Mzee Desderi akabanwa katikati ya wanawake wa kwaya, na koti lake.

Nilifungua kwa maneno machache, nikasema tumekuja kusikiliza habari ya njia, nikakaa. Kimya. Watu wote wakamgeukia mzee. Mzee akatazama paa. Kimya kikaendelea mpaka nikasikia panya ghalani, nikaanza kujilaumu moyoni kwa kuleta mambo ya darasani kwenye maisha ya watu. Mwisho Mama Yustina akasimama.

"Sasa mkuu asiposema, sisi tutasemaje kama alivyosema mkuu?"

Ghala zima likacheka. Na kicheko kile kilifungua kitu, kwa sababu mama hakukaa. Aliendelea. Akaeleza mpunga ulivyoliwa, alivyoamka akakuta jaruba limekuwa tope tupu, alivyokaa ukingoni akalia peke yake. Masanja akanyanyuka naye, moto umeshawaka, akasema njia ile aliikuta, na marehemu mume wa mama ndiye aliyemwonyesha, ipite nyuma ya kichuguu, na kwamba majaruba ndiyo yaliyosogea, si ng'ombe. Vijana wakaanza kupiga kelele huku na huku. Rungu moja nililiona likiinuliwa.

Mzee Desderi akasimama.

Wote wakanyamaza mara moja. Nilijua anachotaka kusema, nilikuwa nimeshamsikia mara nyingi. Angesema suala hili serikali inalichukua, wataalamu watakuja kupima, wananchi muwe watulivu. Na wangetulia, kwa makofi, mpaka mvua zije. Alisimama pale mdomo wazi. Akanitazama. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa karanga, akazitia mdomoni, akakaa.

Katika kazi yangu yote sijaona mtu akifanya jambo gumu kuliko hilo.

Masanja alibaki amesimama, hana wa kumzuia wala wa kumsaidia. Sauti yake ikashuka. "Mimi sitaki kuhama," akasema. "Nihamie wapi tena? Mke wangu alipojifungua huyu wa mwisho, aliyempokea mtoto ni mama huyu hapa. Sasa ananipita njiani kama gogo."

"Nikusalimie ya nini!" Mama Yustina akajibu. "Mpunga uliliwa, sawa, ng'ombe ni ng'ombe. Mpunga unaota tena. Mimi nilikungoja wewe uje uniambie pole. Nilikungoja, Masanja! Hukuja. Ukamtuma mwenyekiti."

"Nilikuwa nakuja, mama. Nimefika mpaka kwenye kichuguu. Nikarudishwa."

"Nani alikurudisha?"

Masanja akakuna kichwa. "Serikali. Niliambiwa jambo liko ngazi za juu, nisikanyage kwako mpaka maelekezo yatoke. Mimi bado nayangoja."

Hapo watu hawakucheka. Mimi nilijua maelekezo yale yalitoka wapi, na mwenyekiti alijua, na Mzee Desderi alijua zaidi ya sisi sote. Alikuwa ameyatoa mwenyewe siku ya kesi, kwa nia njema, akiogopa watu wasije wakapigana, kisha yakasahaulika kwenye shughuli nyingine. Nilimtazama. Alikuwa anatafuna polepole sana, macho chini.

Masanja akavuka mduara. Akachuchumaa mbele ya Mama Yustina, kama wafanyavyo kwao mbele ya mtu mzima, akasema, "Pole, mama. Pole sana kwa mpunga." Mama akajibu, "Nimepoa, baba. Simama, utaumia magoti." Akawa anajifuta macho kwa ncha ya khanga, na wanakwaya wenzake wakaanza kujifuta nao, na mimi mtendaji nikajifuta kwa kitambaa cha meza kuu kilichokuwa bado mapajani mwangu.

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Njia isogee irudi nyuma ya kichuguu ilikokuwa. Mama aachie ukanda wa ukingoni. Masanja na wenzake wapande minyaa pande mbili iwe uzio, na wakati wa kulima maksai waanzie kwa mama. Vijana wenye marungu ndio waliopewa kazi ya kuchimba mashimo ya minyaa, na hilo alilipendekeza mzee mmoja wa Kipimbwe kwa raha kubwa. Sheria inasema nini kuhusu hayo yote, niliiandika kwenye taarifa, lakini wao walikubaliana kwanza.

Ndipo zamu ya Mzee Desderi ikafika. Akasimama, akapangusa maganda ya karanga kwenye koti, akafunga vifungo. Kikundi chetu tukainamisha vichwa, tunajua kinachokuja. Watu wakajiweka sawa kwenye mabenchi kwa hotuba ndefu. Akakohoa.

"Mimi ndiye niliyesema asikanyage kwako," akamwambia Mama Yustina. "Pole, mama. Mengine yote, ni kama walivyosema wananchi."

Akakaa. Makofi yakapigwa, na nilikuwa nimeishi na makofi ya mikutano miaka mingi kiasi cha kuweza kuwaambia kwamba haya yalikuwa mengine kabisa. Mwanakwaya aliyekaa kushoto kwake akatia mkono kwenye mfuko wa koti bila kuomba, akachukua karanga, akampa jirani yake. Zilizunguka duara lote mpaka mifuko ikaisha.

Dokta Rehema alipopokea taarifa yetu aliuliza swali moja: kiongozi wa kikundi alisema nini? Tukamwambia. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Tangu siku hiyo mzee aliacha kumwita "binti yangu". Alama tulizopata safari hii wajukuu wangu wanaruhusiwa kuziona.

Nisiwadanganye kwamba mzee aligeuka malaika. Jumatatu iliyofuata alifungua kikao cha idara kwa hotuba iliyotufikisha saa ya chakula cha mchana. Tabia haivuliwi kama koti. Lakini katikati ya kikao kilichofuata katibu wake alimwekea kisahani cha karanga mezani, bila kusema lolote. Mzee akakitazama, akatutazama, akacheka mpaka tai ikapinda. Tukaanza kusema sisi. Kilikuwa kikao cha kwanza mle ndani nilichojifunza kitu kutoka kwa mtu wa masijala.

Leo wote wawili tumestaafu. Yeye analima karanga Kasokola, msicheke, ni kweli. Minyaa imekuwa mirefu, na msimu wa kunywesha ukifika ng'ombe wa Masanja wanapita nyuma ya kichuguu kwa mstari, na Mama Yustina akiwa shambani mnamsikia anavyomsalimia toka mbali kwa sauti ile ya kwaya. Watoto waliokuwa karibu kuumizana, mmoja ameoa upande wa pili.

Kwa hiyo nitakuja Jumamosi. Kiti changu kiwekeni nyuma. Mtasema nyie kwanza, mmoja mmoja, kila mtu aeleze ni jambo gani kazini kwake linalomnyima raha mpaka akaamua kurudi darasani, na asisimame mtu kusema ni kama alivyosema mwenzake. Mkimaliza wote, nitafunga. Nakuja na Mzee Desderi, nimeshamwomba. Msimwulize kitu, msimgeukie, hata ukimya ukiwa mzito kiasi gani. Mkisikia anatafuna huko nyuma, endeleeni, mnakwenda vizuri.